Asante ya Ubao wa E

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mgonjwa hata mmoja. Nilishika kioo. Nilifika Karatina na koti jeupe lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe, viatu vipya vya kubana, na cheti cha uuguzi ndani ya bahasha. Sista Mkuu wa kitengo cha macho alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe zizini. Alinitazama juu mpaka chini, akanipa kitambaa, akasema, "Futa hicho kioo. Ukiona uso yako bila alama hata moja, niite."

Nilikifuta mara nne ndipo akaridhika. Sikujua kwamba kioo hicho kilikuwa nusu ya kazi yetu. Macho hupimwa kwa umbali wa mita sita, na chumba chetu kilikuwa na mita tatu tu. Kwa hivyo ubao ulitundikwa nyuma ya mgonjwa, juu ya kichwa chake, naye akausoma kupitia kioo kilichokuwa ukutani mbele yake. Mita tatu za kwenda, tatu za kurudi. Tatizo ni kwamba kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, na wiki ya kwanza niliwakosesha watu wenye macho mazima kabisa mpaka mwalimu mmoja wa shule akatishia kunipima mimi.

Ubao wenyewe tunauita ubao wa E. Una herufi hiyo moja tu, imerudiwa mistari kadhaa, kubwa juu na ndogo chini, na miguu yake mitatu inaelekea huku na kule. Mtu hahitaji kujua kusoma. Anaonyesha kwa mkono miguu inaelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Akifika mstari ulio karibu na mwisho tunaandika sita kwa sita, na huyo aende nyumbani akachume majani chai. Akiona ile E moja kubwa ya juu peke yake, tunaandika sita kwa sitini, yaani anachokiona akiwa mita sita, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita sitini.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa guka mmoja, yaani babu, aliyeuza viazi sokoni. Nilimhurumia. Kila alipokwama nilimnong'oneza, "Angalia vizuri, guka. Si hiyo inaangalia chini?" Naye akasema ndiyo, inaangalia chini. Sista Mkuu alinipokonya kalamu.

"Wewe msichana, unampima yeye ama unajipima? Andika alichoona. Usiandike ile kitu unataka aone."

"Ndiyo, Sista."

"Na kila Jumatatu ubadilishe ubao. Tuko nao mbili, na hazifanani. Watu wa hapa wako na vichwa, wataushika wote."

Niliona anazidisha. Nani ashike ubao wa E kichwani, na kwa nini? Lakini nilikuwa ninamwogopa, basi kila Jumatatu nilibadilisha ubao, na niliendelea hivyo hata baada ya yeye kustaafu na kurudi kwao kufuga kuku.

Kutoka Karatina nilihamishiwa Nanyuki, chini ya Afisa wa Macho, mzee wa taratibu aliyesomea kupasua mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ule ukungu mweupe unaoziba lenzi ya jicho, hasa uzeeni. Zamani tulitoa lenzi ile chafu na hatukuwa na ya kurudishia, kwa hivyo mgonjwa alipewa miwani minene mithili ya vitako vya chupa. Wazee wa Nanyuki walitembea nayo wakiinua miguu juu sana, maana ardhi iliwajia kwa ghafla. Halafu zikaja lenzi za kupandikiza, kitu kidogo kuliko punje ya dengu kinachowekwa ndani ya jicho na kubaki humo maisha yote. Siku tulipoanza kuzitumia, Afisa wa Macho alivua glavu, akacheza kidogo pale pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji, halafu akanikataza kumwambia mtu. Samahani, mzee, leo nimesema.

Nikuambie, hakuna kazi tamu kama kufungua bandeji asubuhi. Mtu amekaa gizani miaka, unabandua plasta, anapepesa, halafu uso unafunguka. Mama mmoja alimtazama mumewe toka kichwani hadi viatuni, kisha akaniuliza, "Sista, na huyu mzee amekuja na nani?" Mumewe alicheka kuliko sisi sote. Mwingine alitazama mikono yake mwenyewe akaanza kulia, akisema ni ya mama yake. Nilirudi nyumbani siku hizo nikiwa nimeshiba kabla ya kula.

Miaka yangu ya mwisho, ambayo ndiyo mingi, nilifanya kazi Nyeri, kwenye kliniki ndogo ya macho ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado wananialika chai. Nilikuwa nimeolewa, ninakaa mtaa wa Skuta, na nilikuwa mwuguzi mkubwa hapo. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Msimamizi, mtu wa Meru, mrefu, mwenye mikono mizuri ya upasuaji na hasira ya moto wa mabua: inawaka mara moja, inakwisha mara moja, na haiachi hata jivu. Mara moja kwa mwezi tulipakia vifaa kwenye gari kuukuu la kliniki tukaenda Endarasha, tukapima watu kwenye zahanati, na wenye mtoto wa jicho tukarudi nao Nyeri kupasuliwa. Kwa watu wa huko Kieni, upande wa Endarasha, gari lile ndilo lililokuwa hospitali.

Sasa nieleze hiyo asante ya ubao wa E. Kwa miaka mingi tulipasua watu na kuwaaga. Walionaje baada ya miezi? Hatukujua. Aliyeona vizuri hakurudi, alikuwa shambani. Ndipo kaunti na wafadhili wakaleta mpango. Kliniki yoyote ya macho itakayopeleka takwimu za ubora kila miezi mitatu itapewa pesa juu ya ile ya kawaida. Takwimu za ubora si maneno makubwa. Kwa kila jicho lililopasuliwa, andika liliona kiasi gani kabla, kiasi gani kesho yake, na kiasi gani baada ya wiki sita. Ukijaza fomu zote bila pengo unapata fungu la kwanza. Wagonjwa wako wengi wakifika mstari fulani wa ubao unapata fungu la pili, na hilo ndilo nono. Kwenye barua mpango ulikuwa na jina refu la kiofisi. Sisi tuliuita asante.

Mimi niliupenda mpango huo, na bado ninaupenda. Kwa mara ya kwanza mtu alitaka kujua Cucu fulani, bibi kizee wa Endarasha, anaonaje baada ya sisi kunawa mikono. Asante ya kwanza ilitununulia ubao mpya wa E, sanduku lenye taa ndani, lililopigwa skrubu ukutani mwisho wa korido. Uling'aa jamani! Zile mbao mbili za karatasi nilizokuwa nikibadilisha hapo kila Jumatatu nikaziweka juu ya kabati. Jumatatu zikapita bila mimi kubadilisha chochote, kwa sababu sanduku la skrubu hulibadilishi, na pia, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa ninajivunia. Benchi la wanaosubiri lilikuwa pale pale korido inapoanzia, mita sita kutoka kwenye ubao. Waliokaa hapo waliuona ubao siku nzima, na walisikia kila jibu la anayepimwa.

Asante ya pili ilitia gari mafuta mwezi hadi mwezi. Safari iliyofuata ya Endarasha nilisimama mbele ya watu, nimejaa furaha, nikawaambia, "Mkiona vizuri, na sisi tunapewa asante. Na asante ndiyo inaleta hili gari. Kwa hivyo tusaidiane!" Wakapiga makofi. Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Cucu Wangechi, anakaa huko huko Endarasha. Binti yangu wa kwanza ana jina lake, kama ilivyo desturi yetu, na ndiyo maana mama huyu huniita mimi mama. Mimi pia humwita mama. Tukiwa pamoja jikoni, anayetusikiliza hajui nani kamzaa nani. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa mwiba wa ua. La kulia, alilobaki nalo, likaingia mtoto wa jicho, na Daktari Msimamizi akampasua mwenyewe. Baada ya wiki sita alikuja kupimwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Alisimama kwenye alama, akasoma ubao mstari baada ya mstari, mpaka karibu na mwisho kabisa. Niliandika namba yake kwa mwandiko wa kujidai, nikamkumbatia mbele ya benchi zima.

Jumapili mbili baadaye nikaenda kumwona. Niliingia langoni nikiwa kimya, nikamkuta mlangoni akichambua maharagwe. Aliinua uso akanielekea, akasubiri. Hakusema neno mpaka nilipomsalimu, "Mama, wĩ mwega?" Ndipo uso ukachanua. Nikaona vidole vyake vinatafuta mawe katika maharagwe kwa kupapasa. Tukaingia ndani, akachukua birika, akamimina chai, na nusu yake ikaenda kwenye trei.

"Mama, kwani huoni?"

"Naona! Naona kikombe iko hapo. Ni mdomo yake tu ndio sioni."

"Na ubao ulisomaje?"

Alicheka kidogo, kama msichana aliyeshikwa na sukari mkononi. "Ubao tulifundishwa."

"Na nani?"

"Si yule mwalimu wa kwaya wa Wamagana. Tukiwa kwa benchi. Anatushikisha mpaka tunajua yote. Ati tukikosa, nyinyi mtanyimwa ile asante, na gari haitakuja huku tena. Wewe mwenyewe ulisema."

Akaishika mikono yangu akaongeza, "Na wewe ndiye mama ya Wangechi. Kwani ningekuaibisha mbele ya wakubwa wako?"

Nililia, sifichi. Mama huyu alikuwa amejikalia katika ukungu wiki zote hizo, naye ana jicho hilo moja tu, kwa kunistahi mimi. Nilijikasirikia, nikamkasirikia mwalimu wa kwaya, nikaukasirikia mpango wenyewe, halafu chai ikapoa na nikabaki ninajikasirikia peke yangu.

Kesho yake nilimleta Nyeri. Nilichukua boksi la dawa za macho, nikakata kadi ya mraba, nikachora E moja nene katikati. Nikaificha mgongoni, nikaizungusha, nikamwonyesha. "Inaelekea wapi?" Hakujua. Nikasogea mita tatu. Bado. Kisha nikampa kile kifaa cheusi chenye vitundu vidogo ambacho mgonjwa hushika mbele ya jicho. Kifaa hicho kina faida moja kubwa: mtu akiona vizuri zaidi kupitia vitundu, basi jicho lenyewe ni zima na kinachohitajika ni miwani. Akakishika, akatulia, akasema kwa mshangao, "Kulia. Sasa juu. Wee! Sasa chini." Nilishukuru Mungu kwa sauti. Jicho lilikuwa hai.

Lakini shukrani ikaleta swali. Kama jicho ni zima, mbona haoni? Lenzi tuliyompandikizia haikuwa na nguvu inayomfaa. Nguvu ya lenzi huchaguliwa kwa mashine inayopima urefu wa jicho kwa sauti. Na kama mashine ilikosea kwake, ilikosea kwa wangapi wengine? Hatukuwa na njia ya kujua, kwa sababu kila mtu aliyepita kwenye benchi lile alikuwa ameonekana hodari. Ripoti ya miezi mitatu ilikuwa iende Ijumaa.

Nikabisha ofisini kwa Daktari Msimamizi, nikamweleza. Moto wa mabua ukawaka.

"Sista, gari halina matairi! Endarasha wanatungoja. Hiyo asante nimeshaipangia. Sasa unataka niandike nini?"

"Andika hatujui, Daktari."

"Hatujui! Miaka yote hii ya shule, mimi niandike hatujui?"

"Eeh. Ama uandike tunajua, na mama mkwe wangu aendelee kumwaga chai."

Aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Siamini. Mtu hawezi kushika ubao mzima. Huyo mwalimu wa kwaya yuko wapi?"

Alikuwa kwenye benchi. Alikuwa kwenye benchi karibu kila siku ya marudio, hata siku ambayo si yake, maana alipenda watu. Alikuwa mzee mwembamba, nadhifu, tai shingoni, tuliyempasua macho yote mawili. Daktari alimsimamisha kwenye alama, kisha akamgeuza, ubao ukawa nyuma yake na uso wake ukaelekea mlango wa nje.

"Guka, nisomee mstari wa tano."

Mzee akakohoa, akainua mkono wa kulia kama anayeanzisha wimbo, akaenda: "Chini, kulia, kulia, juu, kushoto." Na kabla hajamaliza, benchi zima likaitikia nyuma yake: "Chini, kulia, kulia, juu, kushoto!" Akafurahi, akaingia mstari wa sita, na sauti ya pili ikajigawa yenyewe. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa bado hajapasuliwa, asiyeona hata ukuta, naye aliitikia kwa nguvu zote.

Daktari Msimamizi alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwalimu wa kwaya aliinama kidogo, kama anayepokea pongezi. "Tulikuwa tunawasaidia, Daktari. Tukaona hii kazi yenu ni nzuri, isiharibiwe na sisi wazee."

Taratibu kicheko kikaisha. Daktari alitazama sanduku lake linalong'aa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, kwa hivyo mimi sijui kama ninapasua vizuri?"

"Hakuna anayejua, Daktari. Wametuficha kwa adabu yao."

Ijumaa ile ripoti ilienda na barua ndefu. Aliiandika mwenyewe, na nilimwona akifuta jasho. Alisema kwamba namba zetu zilizopita zisiaminike, kwamba makosa ni ya kliniki na si ya wagonjwa, na kwamba tutawapima upya. Tukapeleka tangazo makanisani: waliopasuliwa mwaka ule warudi, na safari hii asijifunze mtu. Nilikata kadi nyingine, moja kwa kila chumba. Mwalimu wa kwaya tulimpa kazi mpya pale benchini, naye aliifanya kwa bidii ile ile. "Ukiona, sema. Usipoona, sema. Hakuna kusaidia daktari!"

Wengi walikuwa wanaona vizuri kweli, na niliporuka ruka koridoni walidhani nimechanganyikiwa. Lakini wasioona vizuri walikuwa na kosa moja, lile lile la mama mkwe wangu. Fundi aliletwa kutoka Nairobi, akaifungua mashine, akakuta inalisoma jicho refu kuliko lilivyo, na tangu ilipoharibika kila mara ikatuchagulia lenzi dhaifu. Ilikuwa imefanya hivyo miezi mingi huku sisi tukipongezwa kwa namba safi. Siku hiyo nilielewa kwa nini Sista Mkuu wa Karatina alinipokonya kalamu.

Fungu la pili tulinyimwa. La kwanza tulipewa, kwa sababu, kama ilivyosema barua ya kaunti bila mzaha wowote, fomu zetu zilikuwa kamili. Fungu hilo Daktari alilimaliza kwa fundi na kwa miwani ya wale tuliowakosea. Matairi hatukupata. Ilibidi niwapigie simu watu wa Endarasha niwaambie mwezi huo hatuji, na pengine wa pili pia, na kosa ni letu. Nilitegemea kelele. Mama mwenyekiti wa kikundi chao akaniuliza tu, "Kwani barabara ni ya kuja huku peke yake?" Jumanne saa tatu asubuhi lori la viazi liliingia uani kwetu, limejaa wazee na mablanketi yao, wakiimba, na dereva akipiga honi kama anapeleka bibi harusi. Walikuja hivyo miezi yote ambayo gari lililala. Daktari Msimamizi alitoka nje na glavu mkononi, akapiga makofi peke yake pale ngazini.

Mratibu wa Macho wa Kaunti alikuja pia, mama mkali wa miwani ya kamba, na niliogopa kuliko siku ya kioo. Alisoma faili zetu asubuhi nzima bila kunywa chai. Mwisho akasema, "Nimepokea ripoti nyingi tangu mpango uanze. Nyinyi ndio wa kwanza kuniandikia hamjui." Akaomba kadi yangu ya boksi la dawa, akaigeuza geuza, akaitia kwenye mkoba wake. Hajairudisha mpaka leo. Lakini baadaye fomu mpya zilipokuja zilikuwa na swali la ziada: mgonjwa amepimwa kwa ubao gani, na ulibadilishwa lini. Asante nayo ilirudi kwetu kwa zamu zake, nyembamba kidogo kuliko zamani, na gari likapata matairi.

Mama mkwe wangu alipopata miwani alikuja kunitembelea Skuta. Aliingia jikoni, akasimama, akainua sufuria yangu moja, akaigeuza chini juu.

"Mama, hizi sufuria unaoshanga na nini?"

Sijawahi kufurahia kutukanwa namna ile. Niliita majirani waje wasikie.

Nilistaafu kwa keki, kiondo, na hotuba ya Daktari Msimamizi iliyoanza vizuri na kukwama katikati kwa sababu alikuwa analia. Mwalimu wa kwaya alileta watu wa benchi wakaimba mistari ya ubao wa zamani, yote, bila kukosa. Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mna mashine ambazo mimi sikuziota, na fomu ziko kwenye simu. Mkilipwa kwa kupeleka namba nzuri, pokeeni, msione haya. Ila mjue kwamba watu wetu wanawapenda, na watawapa jibu mnalolitaka wakijua ni lipi. Ficheni mnachokitaka, halafu ulizeni.

Mwaka huu jicho langu la kulia limeanza ukungu. Mtoto wa jicho amenijia mimi, mwuguzi wa macho, na nyumbani wamenicheka vya kutosha. Nilienda kliniki kama mtu mwingine yeyote, nikaketi kwenye benchi lile lile. Cucu Wangechi alikataa kubaki nyumbani. Ana miaka mingi sasa, mgongo umepinda, lakini miwani yake haimtoki. Alikaa kando yangu akaushika mkono wangu mapajani mwake.

Mwuguzi kijana niliyemfundisha mwenyewe alinifunika jicho la kushoto, lililo zima, akaenda kusimama mita sita na kadi. Akaizungusha mgongoni, akainyanyua. Niliona kiganja chake na weupe. Hapo katikati ya weupe palikuwa na kitu, lakini miguu yake sikuipata.

"Sista, inaelekea wapi?"

Nilihisi kidole kikitembea ndani ya kiganja changu, polepole, kama kinachora. Kulia. Mama mkwe wangu alikuwa anatazama mbele, uso mtakatifu kama wa mtu aliye kanisani. Mwuguzi akageuza kadi. Kidole kikachora juu. Akageuza tena. Chini.

Nilifunga mkono wangu juu ya kidole kile nikakibana.

"Mama," nikamwambia, "wacha."

"Si nilikuwa nakusaidia," akasema.

Mwuguzi alikuwa ameshaona kila kitu na alikuwa ameuma midomo asicheke. "Sista," akasema, "kulia, juu, chini. Cucu amepata zote."

Mita sita, kadi ya boksi la dawa, na jicho lake moja tu. Machozi yalinitoka na sikuona hata weupe tena.

"Andika mimi sioni," nikamwambia. "Halafu chukua fomu nyingine, uandike mama anaona."